Kulinganisha mashine za wembe wa kuwili: upole kwa ngozi na usafi wa kunyoa, hatua kwa hatua

Chukua mashine mbili za kunyolea za wembe wa kuwili, yaani wembe wenye makali pande mbili, zitie nyembe kutoka pakiti moja, nyoa uso mmoja kwa sabuni moja. Bado moja itateleza bila kuhisiwa na kuacha vishina, na nyingine itafyeka mpaka chini na kuiacha ngozi inawaka. Tofauti hiyo haitoki kwenye wembe. Inatoka kwenye kichwa cha mashine: namna kinavyoubana wembe, kinavyoukunja, na kiasi cha makali kinachoyaachia yaifikie ngozi.

Ulinganishi mwingi huharibika mapema. Mtu hunyoa leo kwa mashine hii, keshokutwa kwa ile, katikati kabadilisha wembe, kabadilisha sabuni, na ndevu za safari hii ni za siku mbili badala ya moja. Akisema mashine ya pili ni pole zaidi, hajui anachokisifu. Mwongozo huu unashikilia kanuni moja: usilinganishe upole wa mashine mbili mpaka kwanza zote zifikie usafi ule ule. Mashine iliyoacha nusu ya ndevu ni lazima ionekane pole, kwa sababu haijamaliza kazi.

Utahitaji mashine mbili (tatu si vibaya, lakini zipime mbilimbili), pakiti moja ya nyembe, sabuni ya kunyolea na brashi, jiwe la shabu, pamba, rula ya chuma, mizani ndogo ya jikoni, na daftari. Fila geji ya mafundi magari, ile ya kupimia mwanya wa valvu, itasaidia sana ukiipata.

Hatua ya 1: Kikague kichwa kabla hakijafika usoni

Wembe wa kuwili una urefu wa karibu milimita 43, upana wa 22 na unene wa milimita 0.1 tu. Umbo hili lilitokana na hataza aliyopewa King Camp Gillette nchini Marekani mwaka 1904, na wazo la msingi halijabadilika: kibati chembamba kisichoweza kujisimamia hupata ugumu pale kinapokunjwa na kubanwa kati ya kifuniko cha juu na bamba la chini. Kila tofauti unayoihisi usoni inaanzia kwenye mkunjo na mbano huo. Kuna mambo manne ya kuangalia.

Mwanya ni nafasi kati ya makali na upau wa kinga ulio chini yake. Mwanya mkubwa huruhusu ngozi na povu kuingia zaidi na makali kushika ndevu ndefu. Mashine nyingi pole huwa chini ya milimita 0.6, za wastani huwa kati ya 0.6 na 0.85, na kuanzia 0.9 kwenda juu mkono lazima uwe umezoea. Kuupima, funga wembe uliokwisha kazi, kisha ingiza vibati vya fila geji kimoja kimoja kutoka upande wa upau mpaka upate kinachopita kwa kugusa kidogo bila kuusukuma wembe. Pima sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, na pande zote mbili. Pakitofautiana kwa zaidi ya milimita 0.05, ama wembe umekaa upande ama mashine ina kasoro, na hukumu yoyote utakayoitoa itakuwa ya kasoro hiyo.

Utokezo, yaani kiasi makali yanavyojitokeza mbele ya mstari unaounganisha kifuniko na upau wa kinga, ndio watu wengi husahau, nao kwa maoni yetu huamua upole kuliko mwanya. Laza rula ya chuma iguse ukingo wa kifuniko na upau wa kinga kwa pamoja, halafu tazama kwa ubavu penye mwanga. Ukiona mwanga ukipita kati ya makali na rula, makali yamejificha nyuma ya mstari huo: utokezo ni hasi, na mashine itahisika pole hata ikiwa na mwanya mkubwa. Makali yakigusa rula sawasawa na vile vingine viwili, utokezo ni sifuri. Yakiinua rula, ni chanya. Wembe utafika kwenye ngozi kabla ya kitu kingine chochote. Ndiyo sababu mashine mbili zenye mwanya wa 0.7 zinaweza kuwa mbali kama mbingu na ardhi. Fanya kipimo hiki pia kwa wembe wa kutupa, maana rula itaua makali.

Mbano ni umbali kati ya mahali wembe ulipobanwa na makali yenyewe. Kadiri kipande kinachoning'inia kilivyo kirefu, ndivyo wembe unavyotetemeka unapokutana na ndevu ngumu. Mtetemo huo hausikiki sana, lakini ngozi huujua: hukata, huruka, hukata, na huacha mistari ya mchubuko kwenye shingo. Mashine yenye mbano mzuri inaweza kuwa kali na bado ikawa na adabu.

Mwisho ni kinga yenyewe. Upau ulionyooka hunyoosha ngozi mbele ya wembe na kukamua povu jingi. Kinga ya meno, iliyo kama kitana, hulipitisha povu na ndevu ndefu bila kuzilaza, kwa hiyo humfaa anayenyoa mara moja kwa siku tatu au nne. Usidhani kwamba meno maana yake ni ukali. Zipo za meno zilizo pole na zipo za upau zinazouma.

Hatua ya 2: Chagua mashine zinazostahili kulinganishwa

Ulinganishi unaofundisha ni ule wa mashine zinazotofautiana kwa jambo moja linalojulikana. Mühle R89 na Edwin Jagger DE89 zina kichwa cha muundo mmoja. Ukizilinganisha utakuwa unapima mpini, uzito na mkono wako tu. Mühle R89 dhidi ya Mühle R41 ni somo kamili: kiwanda kimoja, uzi wa skrubu ya mpini mmoja, lakini ya kwanza ni ya upau na pole, ya pili ni ya meno na inajulikana kuwa miongoni mwa kali kabisa zinazotengenezwa. Merkur 34C, fupi na nzito (gramu zipatazo 77), ni kipimo kizuri cha kati kuelekea upole, na kwa kuwa wengi wameitumia, kuieleza mashine nyingine kwa kuilinganisha nayo hueleweka haraka.

Njia iliyo safi kuliko zote ni mashine yenye mabamba ya kubadilisha. Rockwell 6S na 6C huja na mabamba matatu ya kugeuza, namba 1 hadi 6, na mwanya unaoanzia takriban milimita 0.2 hadi karibu 0.8. Hapo kifuniko ni kile kile na mpini ni ule ule. Kinachobadilika ni bamba tu.

Zinazorekebishika kwa kuzungusha, kama Merkur Progress na Futur au zile za zamani za Gillette zenye namba 1 hadi 9, zina mtego wake. Namba za mashine moja hazina uhusiano wowote na namba za nyingine. Tatu ya hii inaweza kuwa kali kuliko tano ya ile. Andika mwanya uliopima, usiandike namba.

Hatua ya 3: Vifunge vyote visivyo mashine

Wembe uwe ule ule: aina moja, pakiti moja, mashine zote mbili zianze na wembe mpya siku moja. Usiuhamishe wembe kutoka mashine hadi mashine katikati ya jaribio. Kila unapoufungua na kuubana tena unahatarisha makali, na hutajua upande upi umekwisha kazi zaidi. Chagua wembe usio na tabia za kupindukia. Feather ni mkali sana na utaifanya mashine pole ionekane bora kuliko ilivyo huku ukiichongea iliyo kali. Derby Extra umelegea kwa ndevu nene na utafanya kinyume chake. Astra ya platinamu au Gillette Silver Blue iko mahali panapofaa kwa watu wengi.

Umri wa ndevu uwe mmoja. Ukiamua saa 24, ziwe 24 kila mara. Ukiamua 48, vivyo hivyo. Sabuni moja, brashi moja, maji yale yale. Maji yenye chumvi nyingi hupunguza povu, na povu likiwa dhaifu lawama humwangukia asiye na kosa.

Idadi ya awamu, yaani mara unazoupitia uso wote kwa mashine, nayo iamuliwe kabla. Tunapendekeza mbili: ya kwanza kufuata mlalo wa ndevu, yaani upande zinakolalia, ya pili kuukingama, yaani kuukatiza kwa ubavu. Awamu ya tatu, ya kuukinza mlalo (kwenda kinyume chake), iwekwe kando mpaka Hatua ya 8.

Hatua ya 4: Chora ramani ya mlalo

Siku moja baada ya kunyoa, papasa uso kwa ncha za vidole pande nne kwa kila sehemu. Upande unaoteleza ndio mlalo. Unaokwaruza ndio kinyume chake. Shavuni karibu kila mtu ndevu hushuka chini. Shingoni ndipo penye vurugu: mara nyingi hulala kuelekea kando, au hupanda juu, au huzunguka kama kimbunga kidogo karibu na kikoromeo. Chora uso kwenye daftari na uweke mishale. Bila ramani hii utakinza mlalo shingoni ukidhani unaufuata, na upande wenye mzunguko huo utaihukumu mashine iliyopita hapo.

Hatua ya 5: Funga wembe sawasawa

Mashine ya vipande vitatu: shika kifuniko kikiangalia juu tumbo lake, lalisha wembe juu ya msumari au vijiti vyake, weka bamba, kisha kaza mpini huku ukibana kichwa kwenye ncha zake fupi, kamwe si kwenye makali. Kaza mpaka kizuie, basi. Kukaza kupita hapo hakuongezi chochote isipokuwa kuchosha uzi, hasa kwa vichwa vya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, ambavyo huvunjika kuliko kupinda. Mashine inayofunguka milango miwili juu hufungwa kwa kuzungusha kitako. Hakikisha milango yote imelala kabla ya kukaza.

Sasa ielekeze kwenye mwanga na utazame kichwa kwa mbele, upande mmoja kisha wa pili. Mstari wa wembe unaoonekana chini ya kifuniko uwe na upana mmoja kutoka ncha hadi ncha, na pande mbili zifanane. Zisipofanana, legeza nusu mzunguko, sukuma ncha za wembe kwa kidole, kaza tena. Lawama nyingi kwamba mashine fulani ina upande mmoja unaokata na mwingine unaochuna huishia hapa.

Hatua ya 6: Andaa uso nusu kwa nusu

Osha uso kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kisha uache ukiwa umelowa kwa dakika mbili hadi tatu. Udevu mkavu ni mgumu ajabu. Ukishanyonya maji hulainika na kukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kuruka dakika hizi mbili ndiyo njia ya haraka ya kuharibu jaribio zima.

Loweka brashi, ikung'ute, isugue kwenye sabuni kwa sekunde 20 hadi 30, halafu tengeneza povu ukiongeza maji kwa matone, sio kwa kumimina. Povu lililoiva linang'aa, halina viputo vinavyoonekana, na ukilisugua kati ya vidole viwili linateleza. Likisimama kama kilele kikavu bado lina kiu. Likitiririka, limezidiwa.

Paka nusu moja ya uso tu. Ukipaka uso mzima, nusu ya pili itakuwa inakauka wakati unanyoa ya kwanza, na mashine inayokuja baadaye itaadhibiwa bure.

Hatua ya 7: Nyoa, mashine moja kila upande

Siku ya kwanza mashine A inachukua upande wa kulia, B wa kushoto, mpaka wa katikati ukiwa ni mstari unaoshuka kutoka puani hadi kidevuni na shingoni. Siku inayofuata badilisha, na pia badilisha upande unaoanza. Sababu ni mkono: anayetumia mkono wa kulia huwa na pembe nzuri zaidi upande mmoja, na shavu la upande wa pili hulifikia kwa kuvuka uso. Vikao viwili ndio kima cha chini, vinne ndivyo vinavyoaminika, ukiweka nyembe mpya kwenye mashine zote mbili kuanzia kikao cha tatu. Wembe mpya kabisa huwa na ukali fulani siku ya kwanza na hutulia siku ya pili, kwa hiyo ni muhimu kila mashine ipate siku ya kwanza na ya pili kwa usawa.

Kupata pembe, weka kichwa cha mashine bapa shavuni, mpini ukiwa umetoka moja kwa moja mbele yako, wembe haugusi. Teremsha mpini polepole huku ukivuta kwa wepesi mpaka usikie ndevu zikikatika. Simama hapo. Kwa mashine nyingi wembe unakuwa umelala takriban digrii 30 kwenye ngozi, lakini kila kichwa kina mahali pake, na sikio hupapata haraka kuliko jicho. Mashine zingine hupenda uegemee kifuniko, mpini ukiwa mbali na uso. Zingine hupenda uegemee kinga, mpini ukiwa karibu. Usiilazimishe mashine B ifuate pembe uliyoizoea kwa A. Hapo ndipo mashine nyingi nzuri huhukumiwa kwa kosa la mkono.

Nguvu ya mkono ndiyo kigezo kigumu kukifunga. Fanya zoezi hili kabla: bila wembe ndani, gandamiza kichwa kwenye mizani mpaka isome kati ya gramu 70 na 80, rudia mpaka mkono uzoee wepesi huo. Anayetoka kwenye mashine za plastiki zenye nyembe nyingi hushangaa kuona mkono wake unasukuma kwa nguvu kuliko hapo. Mashine pole humdanganya mtu agandamize, kwa sababu haisikiki. Ukigandamiza, ngozi hujibinua ndani ya mwanya na upole wote unapotea.

Pitisha mashine kwa vipande vifupi vya sentimita 2 hadi 3. Suuza kila baada ya vipande vitatu au vinne, ugeuze upande wa pili wa wembe. Usirudie mahali ambapo povu limekwisha. Pembe ya taya inyoe kwa kuivuta ngozi yake juu ya mfupa au chini yake mpaka iwe bapa. Kwenye kikoromeo, meza mate na usimame hapo kwa muda, au vuta ngozi kando. Chini ya pua kichwa kinene huwa shida, na hilo nalo ni jambo la kuandika kwenye daftari.

Awamu ya pili huanza kwa povu jipya, si mabaki.

Hatua ya 8: Toa alama

Usafi una ngazi ambazo kidole kinaweza kuzitofautisha. Suuza, kausha, kisha pima shavu, taya, kidevu, juu ya mdomo na shingo, kila sehemu peke yake:

0: vishina vinaonekana kwa macho.
1: vinahisika hata ukipapasa kufuata mlalo.
2: kufuata mlalo ni laini, kukingama kunakwaruza.
3: kukingama ni laini, kukinza kunakwaruza.
4: ni laini kila upande, lakini kipande cha pamba kavu kikiburutwa kukinza mlalo kinaacha nyuzi.
5: pamba hainasi.

Andika alama hizi baada ya kila awamu, sio mwisho tu. Alama ya awamu ya kwanza hukuonyesha nguvu ya mashine. Ya mwisho hukuonyesha ulipofika.

Upole hupimwa kwa shabu. Lowesha uso kwa maji baridi, lowesha jiwe, lipitishe mara moja kila mahali pande zote mbili, hesabu sekunde 10 na usikilize. Shabu huchonyota palipochubuka hata kama jicho halioni kitu. Pasipochonyota kabisa weka 5. Mchonyoto hafifu unaozimika haraka ni 4 au 3. Unaokufanya ukunje uso ni 2 kushuka chini. Damu ni 0 mahali hapo. Weka alama kwenye mchoro, maana mchonyoto wa shingo peke yake na wa uso mzima ni habari mbili tofauti. Baada ya dakika moja suuza. Usipake manukato wala spiriti kabla ya kipimo hiki.

Rudia ukaguzi ikipita nusu saa na tena asubuhi yake. Usitegemee wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Tegemea joto, muwasho na vipele unavyovipapasa.

Kipimo cha mwisho ni muda. Papasa zikipita saa 4, kisha 8, kisha 12, na uandike ni lini kila upande ulishuka hadi alama 2. Ndevu hukua takriban milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku. Kwa hiyo mashine iliyokata chini zaidi kwa milimita 0.05 tu, tofauti ambayo kidole hakiwezi kuihisi mara baada ya kunyoa, itajitokeza jioni kama saa tatu au nne za ulaini. Upande uliong'aa asubuhi na kukwaruza alasiri haukuwa safi kama ulivyodhani.

Sasa ndipo kanuni ya mwanzo inafanya kazi. Tuseme A imepata usafi 3 na upole 5, B usafi 4 na upole 3. Bado hakuna jibu. Katika vikao vinavyofuata mpe A awamu ya tatu, ya kukinza au ya kukingama kutoka upande wa pili, mpaka nayo ifike 4. Au mpunguzie B, aishie awamu ya kwanza na marekebisho machache. Zikifika usafi mmoja, pima shabu upya. Mara nyingi mashine pole iliyolazimishwa awamu tatu huchonyota kuliko ya wastani iliyomaliza kwa mbili, kwa kuwa ngozi huhesabu idadi ya mapito zaidi ya jina la mashine. Na mara nyingine inabaki pole hata hapo. Hiyo ndiyo ya kuweka.

Mwenye ndevu za kipilipili aweke dari: usafi 3, asivuke. Udevu uliojikunja ukikatwa chini ya uso wa ngozi, hasa ngozi ikiwa imevutwa sana, hurudi ndani na kuchoma ukuta wa kitundu chake ukikua. Vipele vya ndevu huzaliwa hapo. Kwake mashine bora ni inayofika 3 kwa awamu moja au mbili za kufuata mlalo, bila kuvuta ngozi na bila kukinza. Mashine inayojivunia 5 haimfai. Vipele vikiwa na usaha au vikiacha makovu yanayovimba, aache kunyoa kwa wembe na aone daktari wa ngozi.

Hatua ya 9: Soma makosa kabla ya kuilaumu mashine

Mashine inavuta ndevu badala ya kukata: anza na wembe na muda wa kulowesha. Ikiendelea hata kwa wembe mpya, angalia pembe; mpini uliobaki juu mno hufanya kifuniko kiburute na makali yaguse juujuu.

Vitone vya damu vilivyotawanyika, sio mkato mmoja: kwa kawaida ni kukinza mlalo bila kujua, au utokezo chanya pamoja na mkono mzito. Rudi kwenye ramani.

Mistari sambamba ya mchubuko shingoni ni mtetemo. Jaribu kuegemea kifuniko zaidi na kufupisha vipande. Isipokoma, mbano wa kichwa hicho ni dhaifu kwa ndevu zako, na hakuna mbinu itakayoutibu.

Upande mmoja wa wembe unakata, wa pili haufanyi kitu: wembe umekaa upande. Kwa mashine za kurekebishika ambazo kifuniko chake kina alama, hakikisha alama zimekutana.

Povu linaziba kichwa kila baada ya kipande kimoja: mwanya mdogo au njia za maji finyu. Ongeza maji kwenye povu. Mwenye ndevu za siku kadhaa ahamie kwenye kinga ya meno.

Pande zote mbili zinachonyota sawa, mashine zozote uzitumiazo: tatizo liko kwenye sabuni, mkono, au ngozi iliyochoka. Pumzika siku mbili au tatu kisha anza upya.

Hatua ya 10: Mwisho, jaribu wembe mwingine

Mashine iliyoshinda ikishajulikana, ishike hiyo na ubadilishe wembe, aina moja kwa wakati, ukitumia daftari lile lile na alama zile zile. Iliyoshindwa kwa kukosa usafi nayo ipewe nafasi moja kwa wembe mkali zaidi. Mashine yenye utokezo hasi na mbano mzuri mara nyingi hufufuka ikipewa Feather, kwa sababu ukali wa wembe unafidia kile ambacho kichwa kinakizuia. Iliyo kali kupita kiasi haisaidiwi kwa wembe butu: wembe butu kwenye mwanya mpana huvuta, na kuvuta kunaumiza kuliko kukata.

Nyembe zilizotumika ziweke kwenye kopo la bati lililotobolewa upenyo mwembamba juu, lifunge kwa gundi likijaa kabla ya kulitupa. Mashine ikitoka kwa mtu mwingine isugue kwa sabuni na mswaki, iloweke kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi, na wembe uliokuwa ndani yake usiutumie hata kwa jaribio.